Mrija wa mtoto mchanga: kabla ya kamera, tuulize nani yuko zamu

Kila mara kaunti zetu za Pwani zinapopanga bajeti ya afya, macho ya wengi huenda kwenye vitu vinavyoonekana: jengo jipya, ambulensi mpya, mashine inayokatiwa utepe na mheshimiwa huku kamera za wanahabari zikimulika. Kitu kisichokatiwa utepe ni mrija wa plastiki wenye tundu la milimita 3, unaoingizwa katika njia ya pumzi ya mtoto aliyezaliwa akashindwa kupumua. Uhai wa baadhi ya watoto wetu hutegemea mrija huo, na saa nane za usiku anayeushika huenda akawa ndiye mwenye uzoefu mdogo kuliko wenzake wote hospitalini.

Tuanze na hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 21 hawafikishi siku 28. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umetaja 22. Katika miaka minane tumeokoa mmoja tu. Kipindi hicho hicho, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41 kwa kila 1,000. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria zimewasaidia waliokwisha vuka mwezi wa kwanza. Mchanga wa siku moja bado yuko pale pale alipokuwa, na lengo la dunia ni kufika vifo 12 ifikapo mwaka 2030.

Watoto hawa huuawa hasa na mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mawili kati ya hayo ni habari ya pumzi. Ndiyo maana utafiti wowote unaohusu namna ya kumpa mtoto mchanga hewa unatuhusu sisi, hata ukitoka mbali.

Habari kutoka Dublin

Mwaka 2024, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ya wazazi mjini Dublin, Ireland. Watoto 214 waliohitaji mrija kwa dharura waligawanywa makundi mawili sawa. Kundi la kwanza walitiwa mrija kwa njia ya kawaida: daktari anafungua mdomo wa mtoto, anaingiza chombo cha chuma chenye taa, anainama na kuchungulia kwa jicho lake. Kundi la pili walitumiwa chombo chenye kamera ndogo kwenye ncha, na picha ikaonekana kwenye kioo pembeni.

Kwa njia ya kawaida, mrija uliingia mara ya kwanza kwa watoto 48 kati ya 107, yaani asilimia 45. Kwa kamera, uliingia mara ya kwanza kwa watoto 79 kati ya 107, yaani asilimia 74.

Wengi walisoma matokeo hayo wakasema: basi tununue kamera. Mimi nadhani namba inayostahili kutushtua ni ile ya kwanza. Katika hospitali ya nchi tajiri, yenye vifaa na madaktari bingwa, njia ya kawaida ilikosa mara ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya watoto. Basi daktari wetu anapokosa si lazima awe mzembe. Kazi yenyewe ni ngumu, na kazi ngumu haiachwi mikononi mwa mtu mmoja bila maandalizi.

Ugumu wenyewe uko wapi

Mdomo wa mtoto mchanga ni mdogo na ulimi wake umeujaza. Nyuma ya ulimi kuna matundu mawili yaliyo karibu sana: moja linakwenda mapafuni, jingine tumboni. Mate na damu hufunika njia. Mtoto asiyepumua oksijeni yake hushuka upesi, mapigo ya moyo hupungua, na kadiri daktari anavyoendelea kutafuta ndivyo mtoto anavyozidi kuishiwa. Ndiyo maana mafunzo husema jaribio moja lisizidi sekunde 30. Zikipita, toa chombo, mpe mtoto hewa kwa barakoa mpaka apate nafuu, kisha ujaribu tena au umpishe mwingine.

Hata mrija ukiingia tundu sahihi, bado kuna hatari. Ukizama mno huingia pafu la kulia peke yake, la kushoto likabaki bila hewa. Ukiwa juu mno, mtoto akigeuzwa shingo unachomoka. Kanuni ya zamani inayotumika bado ni kuchukua uzito wa mtoto kwa kilo na kuongeza 6: mtoto wa kilo 3, mrija usimame kwenye alama ya sentimita 9 mdomoni, wa kilo 1, sentimita 7. Hapo tofauti ya sentimita moja ni kubwa.

Kukosa mara kwa mara kuna gharama. Kila jaribio la ziada huongeza uwezekano wa oksijeni na mapigo ya moyo kuporomoka, na wa kuumiza koo. Kwa watoto njiti wadogo sana, tafiti zimehusisha majaribio mengi na kuvuja damu kwenye ubongo. Mtoto anaweza kuokoka siku hiyo, akaishi na ulemavu.

Mazoezi yanapungua

Kuna jambo linaloonekana kama kinyume. Tiba ya watoto wachanga imeboreka, na kwa sababu hiyo wanaojua kutia mrija wanapata nafasi chache za kujifunza. Zamani mtoto mnyonge aliyezaliwa katika maji yaliyochafuliwa na choo chake alitiwa mrija ili afyonzwe. Tangu mwaka 2015 miongozo ya kimataifa imeacha kupendekeza hilo kama jambo la kawaida. Watoto njiti waliokuwa wakitiwa mrija mara tu wanapozaliwa, sasa wengi huwekwa kwenye mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani bila kupenya koo. Yote haya ni mema kwa watoto. Ila daktari kijana wa leo atatia mirija michache kuliko mwalimu wake, na siku atakapouhitaji, mtoto atakuwa miongoni mwa walio taabani zaidi.

Kwetu jambo hili linaongezewa na msukosuko wa wafanyakazi. Madaktari wanagenzi huzunguka wodi baada ya wodi, na anapoanza kuzoea watoto wachanga zamu yake imekwisha. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo na ajira ya hao wanagenzi ndiyo iliyokuwa kiini cha mgogoro. Tulipokuwa tukibishana kuhusu mishahara yao, wachache walisema kwamba hao ndio wanaoshika mrija usiku.

Kamera ni jicho la mwalimu

Hapa ndipo ninapoiona faida kubwa ya kamera. Kwa njia ya kawaida, mwanafunzi peke yake ndiye anayeona ndani ya koo. Mwalimu amesimama nyuma yake anamuuliza, "Unaona nini?" Mwanafunzi naye hajui anachokiona. Kwa kamera, wote wawili wanaona picha moja, na mwalimu anaweza kusema: inua kidogo, rudi nyuma, hapo.

Hili lilipimwa mjini Melbourne, Australia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Madaktari wanafunzi walitumia chombo kile kile chenye kamera. Kwa baadhi ya watoto mwalimu aliruhusiwa kutazama kioo, kwa wengine kilifunikwa. Mwalimu alipoona, mrija uliingia mara ya kwanza kwa asilimia 66. Asipoona, asilimia 41. Mwanafunzi ni yule yule na chombo ni kile kile. Kilichoongezeka ni jicho la aliyemtangulia.

Nchi hiyo hiyo ikatoa somo jingine mwaka 2022. Watoto waliopewa mkondo wa hewa puani wakati mrija unatafutwa walifaulu mara ya kwanza bila hali yao kuyumba kwa asilimia 50. Wasiopewa, asilimia 31.5. Yaani mtoto aliyeendelea kupata hewa alimpa daktari muda.

Kwa hiyo hospitali inayonunua kamera na kuifungia kabatini, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyekwenda nyumbani saa kumi na moja jioni, haijanunua kitu. Na hili kwetu si hadithi ya kufikirika. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa kaunti ulianza mwaka 2015. Kufikia mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza ilieleza jinsi baadhi ya vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu na miundombinu ya kuviendesha. Mashine zilifika, wa kuziendesha hawakuwapo.

Je, mrija uko mahali pake?

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kununua kesho, nisingechagua kamera. Ningechagua kile kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye mrija na kubadilika rangi, kutoka zambarau kuwa manjano, kinapopata hewa ya kaboni anayoitoa mtoto mapafuni. Rangi ikibadilika, mrija uko njia ya pumzi. Isipobadilika, uwezekano mkubwa ni kwamba uko njia ya chakula, na kila hewa unayosukuma inakwenda tumboni.

Kukosa kuingiza mrija mara moja si msiba wenyewe. Msiba ni kuuingiza tumboni na kudhani uko mapafuni. Kifua cha mchanga ni kidogo, sauti ya hewa tumboni husikika hadi kifuani, na hata mzoefu huweza kudanganyika. Kifaa hiki nacho kina mipaka yake: mtoto ambaye moyo wake umekaribia kusimama anaweza asibadilishe rangi hata mrija ukiwa sahihi. Dalili kubwa inabaki kuwa mapigo ya moyo kupanda. Lakini kutia mrija bila njia ya kuhakikisha ni kuvua gizani.

Barakoa kwanza

Sasa nije kwenye swali ambalo msomaji wa Kinango, Ganze au Kiunga ana haki ya kuniuliza: huku kwetu mama anajifungulia zahanati isiyo na daktari, wewe unatuletea habari za kamera za Dublin?

Ni swali la haki. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa baada ya kutimiza miezi, takriban 85 hupumua wenyewe. Wengine 10 huanza kupumua wakipanguswa na kusuguliwa mgongo. Karibu 5 huhitaji kusukumiwa hewa kwa mfuko na barakoa, na miongoni mwa hao takriban 2 ndio hufikia mrija. Kwa hiyo mkunga mwenye barakoa inayomfaa mtoto, mfuko usiovuja, na mkono uliozoea, anaokoa wengi kabla mrija haujatajwa. Dakika ya kwanza ndiyo yake. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Majirani zetu wamelithibitisha hili. Nchini Tanzania, hospitali nane zilizofundisha wakunga kuwasaidia watoto kupumua, bila mrija, zilipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ikaongeza somo la pili: mafunzo ya siku moja hayakutosha kubadilisha kazi ya kila siku wodini. Mabadiliko yalikuja pale wakunga walipofanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, kwa mwanasesere aliyewekwa karibu na chumba cha kujifungulia.

Kampala nako, katika hospitali ya Mulago, wakunga walijaribu kikombe laini kinachokaa juu ya njia ya pumzi badala ya barakoa ya usoni. Utafiti huo wa zaidi ya watoto 1,000, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kikombe ni salama, lakini hakikupunguza vifo wala madhara ya ubongo kuliko barakoa. Barakoa ya kawaida, ikishikwa vizuri, bado haijashindwa.

Wapo watakaosema: kwa hiyo watoto wa Ulaya wapate kamera, wetu wapate barakoa? Hapana. Mtoto wa Dublin naye alipewa hewa ya barakoa au ya puani kabla ya mrija. Barakoa si kitu cha maskini. Ni hatua ya kwanza kwa kila mtoto, na anayeishika vizuri humpa mwenzake wa mrija nafasi ya kutulia. Ninachokipinga ni kuruka hatua: kununua cha mwisho huku cha kwanza kimepasuka.

Pwani yetu ipange vipi

Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kwa mtoto mgonjwa sana, njia nyingi za Pwani huishia Hospitali Kuu ya Pwani, ile wengi wetu tunayoiita Makadara. Kutoka Lamu ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na kwa mama wa visiwani hutanguliwa na boti. Mtoto haokolewi na mrija unaomngoja mwisho wa safari kama hiyo. Huokolewa na mtu anayejua kumpa hewa kijijini, anayejua kuendelea kumpa njiani, na anayepiga simu mapema ili huko aendako watu wawe wamejiandaa.

Kwa maoni yangu, mpangilio ungekuwa hivi. Kila kitanda cha kujifungulia, kuanzia zahanati, kiwe na mfuko na barakoa za saizi mbili, ya mtoto aliyetimia na ya njiti, na mwanasesere wa mazoezi ya kila wiki. Hospitali za kaunti ndogo ziwe na CPAP, pamoja na wauguzi wa kutosha kuisimamia, maana mashine hiyo bila muuguzi ni hatari mpya. Hospitali za rufaa ndizo ziwe na mrija uliokamilika: kamera moja inayofundishia, vifaa vya rangi vya kuhakikisha, karatasi ya maandalizi ukutani, na kanuni kwamba mtu akikosa mara mbili anampisha mwenye uzoefu zaidi.

Kanuni hiyo ya mwisho haigharimu hata shilingi. Inataka tu unyenyekevu, na utamaduni wa kazi ambapo muuguzi anayehesabu sekunde anaweza kumwambia daktari, "Thelathini, toa," na daktari akatoa bila kununa.

Kisha kuwe na daftari. Kila mrija unaoingizwa uandikwe: nani aliuingiza, mara ngapi alijaribu, ulihakikishwaje, mtoto aliendeleaje. Lengo si kumtafuta wa kumlaumu. Dublin na Melbourne zilijua kwamba zinakosa nusu kwa sababu zilihesabu. Hospitali isiyohesabu hudhani inafaulu siku zote. Na Pwani si wageni wa hesabu za namna hii. Kilifi imekuwa makao ya utafiti wa afya ya watoto tangu mwaka 1989, na sehemu ya elimu inayotumiwa kwingineko Afrika ilianzia hapo.

Swali la kupeleka barazani

Sheria ya fedha za umma inazitaka kaunti ziwasilishe makadirio ya bajeti bungeni ifikapo Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mikutano hiyo huwa na watu wachache, na wanaozungumza huomba barabara na maji. Wana haki. Lakini safari hii akina mama, makundi ya vijana na maimamu na wachungaji wetu wanaweza kuongeza maswali machache yasiyohitaji shahada ya udaktari.

Barakoa za watoto wachanga ziko ngapi katika zahanati yetu, na ni lini wakunga walifanya mazoezi mara ya mwisho? Muuguzi mmoja wa usiku anaangalia watoto wangapi? Wanaotia mrija wana kifaa cha kuhakikisha uko mahali pake? Na kama kaunti inataka kununua mashine mpya, ni nani atakayeishika siku ya Jumapili saa nane za usiku, na nani alimfundisha?

Afisa atakayejibu maswali hayo kwa namba anastahili kupewa fedha anazoomba, kamera ikiwemo. Atakayejibu kwa ahadi, aambiwe arudi na daftari.